Tumbo limekuwa gumu kama ubao: mwongozo kamili wa kumfikisha na kumuuguza mtu mwenye usaha tumboni

Nimekaa wodi ya upasuaji miaka ya kutosha kujua jambo moja, wagonjwa wa tumbo wanaotuponyoka mara nyingi wameshaponyoka kabla hawajatufikia. Wanaliwa na zile siku tatu nne za nyumbani. Panadol ya dukani, alafu kipimo cha taifodi, alafu dripu mbili za zahanati, alafu bibi kamkanda na mafuta ya nazi, alafu ndo analetwa kwetu macho yameingia ndani na mapigo ya moyo yanakimbia 140 kwa dakika. Kwahiyo hapa naandika yale ambayo huwa nawaeleza ndugu wakiwa wamesimama koridoni saa nane za usiku, na tabibu aliyebaki zamu peke yake kituo cha afya naye anaweza kuokota mawili matatu.

Kwanza tuelewane ugonjwa wenyewe. Utumbo ni bomba lenye uchafu na bakteria wengi mno, na hawana shida wakiwa ndani ya bomba. Nje ya bomba kuna nafasi iliyozungushiwa utando mwembamba, na huko kunatakiwa kuwe kusafi kabisa. Bomba likitoboka, uchafu unamwagika kwenye ule utando, unawaka moto, na hali hiyo madaktari wanaiita peritonaitisi. Wanaotoboa wanajulikana: kidole tumbo kilichopasuka, kidonda cha tumbo kilichokula mpaka kikatokeza upande wa pili, taifodi inayotoboa mwisho wa utumbo mdogo, utumbo uliojisokota ukaoza, kisu, usukani wa bodaboda uliompiga mtu tumboni. Na kwa kina mama kuna usaha unaotoka kwenye mfuko wa uzazi baada ya kujifungua kwa operesheni au baada ya mimba kutolewa kienyeji. Bakteria wakishaingia kwenye damu, presha inashuka, figo zinagoma, na hapo sio tumbo tena, ni mwili mzima.

Bomba la choo likipasuka chini ya sakafu unaweza kumwaga Jik sebuleni kutwa nzima, harufu itarudi tu mpaka fundi avunje sakafu na kuziba tundu. Antibayotiki ndo Jik yenyewe. Ukishika hilo, hatua zote zinazofuata zitakuingia zenyewe.

HATUA YA 1: Tofautisha tumbo la kawaida na tumbo la thieta

Kidole tumbo huwa hakianzii kulia kama watu wanavyodhani. Kinaanza katikati, karibu na kitovu, maumivu ya ovyo ovyo tu, mtu hataki kula, anasikia kichefuchefu, alafu baada ya masaa kadhaa mpaka siku nzima maumivu yanahamia chini upande wa kulia na kutulia hapo. Mwambie akohoe. Akishika sehemu moja na kukunja uso, usimpe dawa ya minyoo, anza kutafuta usafiri.

Kuna mtego mmoja hapa umeua watu wengi. Kidole tumbo kikipasuka, ile presha iliyokuwa inakivuta inaachia, na mgonjwa anaweza kupata nafuu kwa masaa machache. Familia inashukuru Mungu, safari inaahirishwa, kesho yake tumbo zima limevimba na homa imepanda. Nafuu inayokuja ghafla bila sababu, kwa mtu aliyekuwa anaumwa tumbo siku mbili, iogope kuliko maumivu yenyewe.

Kidonda cha tumbo kikitoboka ni hadithi nyingine kabisa, huyu anaweza kukutajia dakika, "ilikuwa saa mbili kasoro nilikuwa namimina chai", kama kachomwa kisu chini ya kifua. Wa taifodi amekuwa na homa wiki moja mbili au zaidi, kadhoofika, alafu tumbo likabadilika. Angalia pia mtu anavyolala. Mwenye jiwe la figo anagaagaa, anasimama, anakaa, hatulii. Mwenye peritonaitisi analala kimya kama gogo amekunja magoti, hataki kitanda kiguswe, na gari likipita kwenye tuta analia. Ukiligusa tumbo ni gumu, halibonyei.

Dalili nyingine za kutosubiri asubuhi: matapishi ya kijani, hapati choo wala upepo huku tumbo linajaa, mkojo umekuwa kidogo na mweusi, anaongea maneno yasiyoeleweka, miguu ya baridi. Mtoto mdogo anayelia kwa vipindi akikunja miguu na kutoa choo kama jeli nyekundu, utumbo umeingiana huo, kimbia. Mwanamke aliyekosa siku zake, tumbo linamuuma na anasikia kizunguzungu, inaweza kuwa mimba ya nje ya kizazi inavuja damu, hiyo nayo ni thieta.

Alafu kuna watu ambao tumbo lao linadanganya. Wazee, wenye kisukari, wanaotumia dawa za steroidi, watoto wadogo, hawa wanaweza kuwa na usaha tele na tumbo bado laini. Kwa mjamzito mimba inasukuma kidole tumbo juu, maumivu yanakuja mahali ambapo hukutegemea. Kwa hao shuku mapema.

HATUA YA 2: Acha kufanya haya

Usimpe chakula wala kinywaji, hata uji mwepesi, hata maji ya kumezea dawa. Asukutue tu mdomo ateme. Chochote kinachoingia kinaweza kutokea kwenye tundu, na tumbo lililojaa ni hatari wakati wa nusukaputi. Usimpe dawa ya kumfanya aharishe, usimpige bomba la maji ya sabuni, usimkande tumbo, na ile mitishamba ya chango tafadhali iweke kando. Nimeona utumbo uliokuwa na tundu dogo ukachanika zaidi baada ya mtu kukandwa kwa nguvu, na aliyekanda alikuwa mama yake mzazi kwa upendo wote.

Kuhusu duka la dawa. Flagyl nne na sipro mbili hazitibu tumbo lililotoboka, zinashusha homa kidogo tu na kukufanya uchelewe. Sindano ya diklofenaki ndo mbaya zaidi kwasababu dawa za jamii hiyo zenyewe zinatoboa vidonda vya tumbo na zinaumiza figo za mtu asiye na maji mwilini. Ila wale wa zamani wanaosema mgonjwa asipewe kabisa dawa ya maumivu mpaka daktari mpasuaji amuone, hiyo imepitwa na wakati, dawa nzuri ya mshipa haimzuii daktari kugundua tatizo. Mkifika hospitali iombeni.

Na kipimo cha Widal, kile cha damu cha taifodi. Jamani. Huku kwetu ukienda na homa unatoka na "malaria mbili na taifodi 1:160" kama vile ni risiti ya supamaketi. Widal inapima kinga za mwili, na kinga zinaweza kubaki tangu ulipougua zamani au kusomeka kwasababu ya ugonjwa mwingine kabisa. Kuitambua taifodi vizuri ni kuotesha damu maabara. Na hata malaria ikionekana kweli, mtu anaweza kuwa na malaria na kidole tumbo siku hiyo hiyo. Karatasi isikuzuie kuangalia tumbo.

HATUA YA 3: Safari

Swali la kuuliza kabla hamjaondoka ni moja na sio "wapi karibu". Ulizeni: huko tunakoenda kuna thieta inayofanya kazi usiku huu, na mtu wa nusukaputi yupo? Kama hamna, mnakwenda kupoteza masaa manne mkiandikiwa rufaa. Pigeni simu, kila familia ina mtu anayemjua nesi. Kwa Tanzania mama mjamzito, aliyejifungua au kichanga mnaweza kupiga 115 ya m-mama bure na usafiri ukaratibiwa.

Mkiwa kituo cha afya na rufaa inaandikwa, mgonjwa asiondoke mikono mitupu. Dripu iwe imeshaanza, dozi ya kwanza ya antibayotiki ya mshipa iwe imeingia, na barua iseme kapewa nini na saa ngapi. Huu ndo msaada mkubwa kuliko wote ambao kituo kidogo kinaweza kutoa, na unasahaulika sana.

Bebeni: dawa zote anazotumia hata za kienyeji (usione aibu, sema), kadi ya bima, na ndugu wawili wenye afya wa kuchangia damu. Kumbukeni saa aliyokula mara ya mwisho. Kama hela hamna, hospitali za umma Tanzania zina afisa ustawi wa jamii, muulizeni mapema, sio siku ya kuruhusiwa.

HATUA YA 4: Masaa ya kwanza hospitali

Hapa ndugu wengi wanachanganyikiwa, wanaona mgonjwa anachomwa mipira kila mahali na bado hajapelekwa thieta, wanadhani kapuuzwa. Hapana. Mtu mwenye presha 80 ukimlaza na nusukaputi bila kumwandaa anaweza asiamke. Anawekewa mipira mikubwa miwili ya mshipa, mpira wa puani kutoa uchafu wa tumboni asitapike na kuvuta mapafuni, na mpira wa mkojo.

Mfuko wa mkojo ndo saa yako. Mtu mzima anatakiwa atoe angalau nusu mililita kwa kila kilo kila saa, yani wa kilo 60 ni kama mililita 30 kwa saa, kama vijiko sita vya chai. Mfuko ukikaa masaa mawili hauongezeki, mfuate nesi umwambie, hatukasiriki (sawa, wengine wanakasirika, mwambie tu).

Kuhusu dripu zenyewe, wagonjwa hawa wanapoteza maji mengi kwenye utumbo uliovimba, kwahiyo wanazihitaji, dripu ya Ringa au ya maji ya chumvi. Ila sio kumwaga tu. Utafiti wa Zambia uliotoka 2017 kwa watu wazima wenye sepsisi (maambukizi yaliyoshambulia mwili mzima) na presha ya chini ulionyesha waliojaziwa maji mengi kwa haraka walifariki karibu nusu, na waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida ni theluthi moja. Wengi wao hawakuwa watu wa tumbo la kupasuliwa, lakini somo linabaki, kila chupa ipimwe na mkojo, presha na pumzi. Akianza kuhema kwa shida, mwiteni nesi.

Vipimo: damu kamili, kundi la damu na kuoanisha, sukari, figo, mimba kwa kila mwanamke wa umri wa kuzaa hata akikataa kwamba haiwezekani. Eksirei ya kifua akiwa amekaa au kusimama, na mara nyingi inaonekana hewa nyeusi kama mwezi mwandamo chini ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), hiyo ni hewa iliyotoka kwenye utumbo na maana yake kuna tundu. Ila isipoonekana sio kwamba tundu hakuna. Utrasaundi inasaidia kuona usaha na kidole tumbo, na siti skani ikiwepo ni nzuri zaidi, ila tumbo likiwa gumu kama ubao na presha inashuka, kumzungusha mjini kutafuta siti skani ni kupoteza mtu.

HATUA YA 5: Antibayotiki, zipi na siku ngapi

Ziingie mapema, na kwa mgonjwa aliyeshuka presha ni ndani ya saa moja. Mnaowatafuta ni makundi mawili ya bakteria, wale kina E. coli na Klebsiella, na wale wasiopenda hewa kama Bacteroides. Ndo maana mara nyingi ni dawa mbili. Mseto wa kawaida ni seftriaksoni gramu 2 mara moja kwa siku pamoja na metronidazo miligramu 500 kila masaa 8, zote za mshipa, kwa mtu mzima. Sehemu nyingine wanatumia ampisilini, jentamaisini na metronidazo, na hapo figo ziangaliwe. Kwa mtoto dozi inapigwa kwa kilo, na kichanga seftriaksoni haichanganywi na dripu yenye kalisiamu, kwahiyo Ringa hapo hapana. Meropenemu ni ya akiba, kwa waliopata maambukizi wakiwa hospitali au ambao dawa za kwanza zimeshindwa. Ukisikia ndugu anamlazimisha daktari "weka ile kali" siku ya kwanza, mtulize. Tukiwazoesha bakteria dawa hizo, kesho hatuna kitu.

Siku ngapi? Utafiti wa Marekani na Kanada wa 2015 ulichukua watu 518 ambao tundu lilishazibwa na usaha kutolewa, nusu wakapewa dawa siku 4 hivi, nusu nyingine wakaendelea mpaka dalili ziishe, wakafika kama siku 8. Matokeo yalikuwa sawa. Kwahiyo daktari akisimamisha dawa siku ya tano hajakuonea wala hajaishiwa stoo. Na kwa upande mwingine, mtu ambaye siku ya kumi na nne bado ana homa, shida sio siku, shida kuna usaha umebaki mahali, utafutwe.

HATUA YA 6: Thieta

Fomu ya ridhaa isome au usomewe, na uliza jambo moja kabla ya kuweka dole gumba: kuna uwezekano wa kutoka na mfuko wa choo tumboni, yani utumbo utolewe nje ya ngozi na choo kiingie kwenye mfuko? Bora ulijue mapema. Nimeona mume kagoma kuingia wodini wiki nzima kwasababu hakuna aliyemwambia, na mke yuko hai.

Mchano mara nyingi ni wa katikati, mrefu, kwasababu daktari lazima aone kila kona. Kidole tumbo kinakatwa, kidonda kinazibwa kwa kushonewa kipande cha mafuta ya tumboni, tundu la taifodi linashonwa au kipande cha utumbo kinatolewa kama matundu ni mengi, kisha tumbo linasafishwa kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Kama kulikuwa na uchafu mwingi ngozi inaweza kuachwa wazi makusudi, inafungwa siku kadhaa baadaye. Ndugu wakiliona lile donda wanapiga kelele "wamesahau kushona", hawajasahau, ngozi ikifungiwa usaha ndani itafumuka yenyewe.

Sio kila mtu anapasuliwa tumbo zima. Kama kidole tumbo kimejifungia kwenye jipu na mgonjwa yuko imara, usaha unaweza kutolewa kwa sindano au mrija huku antibayotiki zinaendelea, kidole chenyewe kitajadiliwa baadaye. Mfalme Edward VII wa Uingereza alitolewa usaha tarehe 24 Juni 1902, siku mbili kabla ya siku iliyopangwa atawazwe, kidole tumbo chenyewe kikaachwa, na mwezi wa nane akavaa taji lake.

HATUA YA 7: Siku za wodini, na hapa ndipo ndugu ana kazi

Siku inayofuata akalishwe, kama hali inaruhusu atembee hatua chache akishikwa. Ataona unamtesa. Mfundishe kukohoa huku amekumbatia mto juu ya mshono, avute pumzi ndefu mara kumi kila saa, mapafu yakijaa makohozi homa inarudi. Miguu aichezeshe hata akiwa kitandani, damu isigande.

Alafu lile swali maarufu la raundi ya asubuhi, "umejamba?" Watu wanaona aibu, mama wa heshima zake anaangalia ukutani. Mjibu daktari, ni habari njema kwamba utumbo umeamka. Ila siku hizi wengi hawasubiri upepo ndo waanze kunywesha, wanaanza maji kidogo kidogo mapema kulingana na kilichofanyika ndani. Fuata alichoandika mpasuaji wako, sio cha jirani wa kitanda cha pili. Akiruhusiwa kula anahitaji mayai, maharage yaliyopondwa, samaki, maziwa. Uji mtupu wiki mbili haujengi kidonda.

Kuanzia siku ya tano hivi ndo kipindi cha kukaa macho. Homa inayorudi baada ya kutulia. Kwikwi isiyokatika au maumivu ya bega, usaha unaweza kuwa umejificha chini ya kiwambo. Kuhara kamasi mara kwa mara na kubanwa choo kisichoisha, unaweza kuwa chini kwenye nyonga. Maji ya rangi ya waridi yakilowesha bandeji ghafla, mshono wa ndani unaachia, alale chali, funika kwa kitambaa safi chenye maji ya chumvi, ita watu. Na kikitoka kitu kama choo kwenye kidonda, onyesha, usifute ukanyamaza.

HATUA YA 8: Nyumbani

Nyuzi za mchano wa katikati hutolewa kati ya siku 10 na 14. Ndoo ya maji, gunia, kubeba mtoto mkubwa, acha wiki sita, ngiri ya mshono ni operesheni nyingine. Kidonda kinaoshwa kwa maji safi na sabuni ya kawaida, hakihitaji unga wa kapsuli uliopasuliwa wala dawa ya meno.

Aliyetobokwa na kidonda cha tumbo apimwe bakteria wa H. pylori na amalize dawa zake, na diklofenaki na ndugu zake aziage kabisa. Wa taifodi mchunguzeni maji mnayokunywa, kama yeye kaugua na nyie mnakunywa hayo hayo. Kama kuna kipande kilipelekwa maabara, mfuatilie majibu, yasibaki kwenye droo. Mwenye mfuko wa choo aulize tarehe ya kurudishwa utumbo kabla hajatoka getini, kwa kawaida ni baada ya miezi, na ngozi inayozunguka aipake vaselini au oksidi ya zinki isiungue.

Mwisho ile fomu ya kuruhusiwa ipige picha uitunze kwenye simu mbili. Utumbo ulioguswa huwa unajishikiza wenyewe kwa wenyewe, na miaka mitano baadaye mtu anaweza kuja na tumbo limejaa na kutapika, na swali la kwanza atakaloulizwa ni mara ile walikukata nini.